Picha Inayotaka Kuguswa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi saa, pale barabara ya maktaba inapokutana na kichochoro cha wachapaji. Mwenye kibanda aliitwa Dakika Tano, kwa sababu hakuna saa aliyowahi kuahidi kuitengeneza kwa muda mrefu zaidi ya huo, wala aliyowahi kuimaliza kabla ya wiki kwisha. Ubavuni mwake alikaa Subiri Laini, mstaafu wa ofisi ya simu, mtu wa methali nyingi na mahali pachache pa kuziweka. Kahawa ilikuwa ya Bibi Birika, aliyemimina akiwa amesimama na kusema akiwa amesimama, wala hakuna aliyethubutu kumkatiza, maana birika alilishika yeye. Na kule mwisho wa ubao alikaa Brashi, mchora mabango. Wakati mmoja majina ya maduka yote ya mtaa ule yalikuwa ya mkono wake. Kisha kiwanda cha chapa cha kichochoroni kikanunua kompyuta, enzi hizo kompyuta ikiwa na kisogo kikubwa kama jokofu dogo, pamoja na mashine ya kukata herufi za stika. Wateja wa Brashi wakahamia huko mmoja mmoja, wakipita mbele yake na nyuso za kuangalia chini. Aliyeiendesha mashine hiyo ni dada yake mdogo, baba mmoja mama mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Chapa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu ndugu hao wawili wanasalimiana kupitia kwa Bibi Birika.

Jumatatu hiyo Dakika Tano alifika, akaacha kufuli la kibanda likining'inia, akakaa.

— Brashi, mtaa wetu umeingia kwenye kompyuta.

— Umeingiaje? — Brashi aliuliza, macho yakiwa kwenye kikombe.

— Umeingia mzima mzima. Jumamosi nilikwenda kwenye maonyesho ya wasanii pale maktaba. Kuna picha, kuna vinyago, kuna chungu kisichoshika maji, eti hakikukusudiwa. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa choo, kuna kompyuta ya mdogo wako. Ndani yake mna mtaa. Kibanda changu kimo. Nikabonyeza mlango, ukafunguka, saa zote zikaanza kugonga!

— Zikagonga? — alisema Bibi Birika. — Basi si kibanda chako hicho.

Subiri Laini alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alipopata pumzi akainua kidole.

— Msishangae. Mimi nimekaa kwenye simu miaka thelathini na moja. Sauti ya mtu ilipita kwenye waya mwembamba kuliko utambi. Sasa kama sauti inapita, nyumba itashindwaje? Inakunjwa tu.

— Inakunjwa na matofali yake?

— Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Plagi ina nyaya ngapi? Tatu. Wa tatu unakwenda wapi? Ardhini. Ardhi si ndiyo ulimwengu? Basi kompyuta inafunzwa na ulimwengu. Mambo yako wazi.

— Wapi! — Dakika Tano alipinga. — Ni springi. Kila mlango una springi yake, imefungwa kwenye kidole chako. Mimi nilipotoa kidole, mtaa wote ukasimama. Ukirudisha, unaendelea. Ni saa ile, ila haionyeshi saa.

Brashi alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mtaa wa pili. Lakini Dakika Tano alikuwa bado na neno, akaligeuzageuza mdomoni.

— Na jambo jingine, nisiposema nitakuwa nimekuficha. Mtaa ule umechorwa kwa mkono wako.

— Mkono wangu upi? Mashine ile sijawahi hata kuikoholea.

— Nani mwingine anachora R yenye mguu unaopiga teke?

Kikombe cha Brashi kilitua kwenye ubao. Akaelewa yote kwa mara moja. Miaka ishirini, kabla ya kupaka rangi bango lolote, alikuwa akichora kwanza duka zima kwa penseli kwenye makadi ya maboksi ya mashati: mlango, dirisha, mwenye duka kasimama kizingitini, na juu yake herufi za kujaribia. Kazi ilipomfia mikononi aliyafunga makadi yale kwa kamba, akayapeleka kwa mama yao, akamwambia ayawashie moto.

— Mama kampa — alisema polepole. — Huo ni wizi. Kwanza alichukua kazi, sasa amechukua na makadi.

— Si ulisema yachomwe? — Bibi Birika aliuliza.

— Moto ni moto. Sikusema kompyuta.

— Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime — Subiri Laini aliingilia. — Mimi jembe nilishanunua zamani, nasubiri kapu tu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Dada Chapa mwenyewe alikuwa anakuja, mkoba begani, anatembea kama mtu aliyelala vibaya. Siku zote alipita upande wa pili wa barabara. Leo alivuka.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu.

— Mwambie kaka shikamoo.

— Brashi, unapewa shikamoo.

— Mwambie marahaba. Na mwambie makadi yangu yarudi.

Dada Chapa hakungoja Bibi Birika apeleke ujumbe. Alimgeukia kaka yake moja kwa moja.

— Yatarudi leo, kaka. Nakwenda kuizima.

— Kuizima kwa nini? — Dakika Tano alishtuka. — Mimi nimewaambia watu wa nyumbani waende!

— Watu wamepita siku mbili. Wanasimama mikono nyuma kama wanakagua gwaride. Wanautazama mtaa umesimama tu, wanasema picha nzuri ila kioo kinang'aa, wanakwenda zao. Aliyebonyeza ni wewe peke yako.

— Mimi? — Dakika Tano alijikuna shingo. — Mimi nilidhani ni kengele ya kumwita mhudumu.

— Na mwenyekiti wa kamati kaniuliza, kama ni picha mbona inatembea, na kama ni sinema mbona haina mwisho. Nikamwambia mwisho anauchagua anayebonyeza. Akaniambia msanii asiyejua mwisho wa kazi yake aende akajipange. Miaka miwili nimekaa na kitu kile kila mchana, wenzangu wakienda kula. — Alipandisha mkoba begani. — Kwaherini.

Aliondoka. Benchi likamtazama mpaka alipokata kona ya maktaba, kisha likafanya lile linalolijua.

— Wanaogopa kuivunja — alisema Dakika Tano. — Ukivunja cha watu, jina lako linabaki mlangoni.

— Wanaogopa shoti — alisema Subiri Laini. — Kioo kile kina umeme nyuma yake. Tena si umeme tu. Fikirini vizuri. Ukiingia mtaani kwa kidole, mwili umebaki nje. Umeme ukikatika katikati, kidole kiko ndani, wewe uko nje. Utakidai kwa nani?

— Lo! Hilo sikulifikiria.

— Ndiyo maana ya mchelea mwana kulia. Unalia wewe, kidole kiko kwa wenyewe.

— Mmemaliza? — Bibi Birika aliuliza. Aliliweka birika chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo. — Brashi, baba, nikuulize. Kabla hujamwita mwenzako mwizi, hicho kitu umekiona?

Brashi alikiinua kikombe. Alitazama kahawa yake, ilikuwa nusu bado. Akainuka, akapangusa suruali.

— Nakwenda kuchukua makadi yangu — alisema.

— Nenda kachukue — Bibi Birika alimjibu.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa wa baridi na unanukia rangi ya ukuta. Jambo la kwanza aliloliona Brashi halikuwa picha wala kinyago. Lilikuwa neno. USIGUSE, mlangoni. USIGUSE, ngazini. USIGUSE, juu ya kila meza. Alihesabu saba, yote ya stika, herufi zimesongamana upande mmoja kama watu wanaokwepa tone la mvua. Akasonya kwa sababu ya ule mpangilio, maana mchora mabango hawezi kuacha kusoma.

Dada yake alikuwa amechuchumaa pembeni, anafungua nyaya za spika. Aliposikia hatua aliinua kichwa. Akasogeza kiti.

— Bonyeza mara moja tu, kaka. Kisha nitazima.

Brashi alikaa. Kwenye kioo palikuwa na mtaa wake. Mistari ilikuwa yake, na hata pale penseli ilipoteleza siku ya upepo, mtelezo ule ulikuwamo. Muuza vitambaa alikuwa amesimama kizingitini mwa duka ambalo siku hizi ni la simu za mkononi. Brashi akakishika kile kipanya kama mtu anayeshika sabuni ya kuogea, mshale ukamponyoka ukakimbilia juu. Akaurudisha. Akabonyeza kibanda cha Dakika Tano, saa zikagonga zote kwa pamoja. Akabonyeza dirisha lenye alama ya birika la kahawa, na sauti ya Bibi Birika, ile ile yenye mkwaruzo, ikasema:

— Ulikuwa kwa Dakika Tano? Basi umeshachelewa uendako.

Brashi aligeuka.

— Imejuaje nilipotoka?

— Inakumbuka. Ungeanzia kwa Subiri Laini ingekwambia jingine. Nilikuwa nawarekodi kwa kaseti dirishani kazini. Nilimwomba kila mmoja ruhusa. Wewe tu nilishindwa kukuomba.

Mwisho wa mtaa palikuwa na karakana yake mwenyewe. Akainama karibu na kioo. Hii hakuichora yeye, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuwahi kuchora mlango wake. Mistari ilikuwa inatetemeka, ukuta mmoja umelala.

— Hii ya nani?

— Yangu. Nimeirudia mara kumi na nne.

— Ukuta unaanguka.

— Najua.

— Na bango juu ya mlango mbona halina kitu?

— Bonyeza, ushikilie, halafu vuta.

Akavuta. Rangi nyekundu ikafuata mshale, mbichi, inang'aa. Akasimamisha mkono afikirie, na pale alipousimamisha rangi ikajaa, ikavimba, ikachuruzika kuelekea chini, tone moja refu, kama inavyochuruzika ya kopo siku ya jua. Brashi aliondoa mkono haraka, kwa mazoea ya kutafuta kitambaa apanguse.

— Umeifanya ichuruzike!

— Ulikuwa ukinigombeza kwa kuchuruzisha, nilipokuwa naiba brashi yako. Imenichukua miezi minne kuifanya ichuruzike hivyo. Mwanzo ilikuwa inamwagika tu, kama maji.

Alijaribu kuandika herufi moja, ile R yake. Ikatoka kama kuku amechakura. Akajaribu tena, ikatoka kama kuku yule yule kafukuzwa. Kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia, na dada yake, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono, akashindwa naye. Walicheka mpaka mlinzi wa ukumbi akachungulia.

Walipotulia, Dada Chapa alisema, akiutazama waya mkononi:

— Kaka, ile mashine ya stika sikuomba niwekwe pale. Na ningekataa wangemweka mwingine.

— Najua. Nilijua siku ile ile.

— Sasa mbona miaka mitatu?

Brashi aliachia kipanya.

— Nilikuwa na hasira, mdogo wangu. Na hasira haina adabu, inamtafuta aliye karibu. — Akageuka akazitazama kuta. — Rudisha hizo nyaya. Kompyuta yako haina ugonjwa. Unachokosa ni bango. Mtu mwenye adabu zake, aliyeambiwa mara saba asiguse, atagusa ya nane kwa lipi?

Alikwenda karakana, akarudi na kipande cha ubao, kopo la nyekundu, kopo la njano na brashi mbili. Akakaa kwenye ngazi za nje, goti likawa meza. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima wa tai na miwani, alimkuta anamalizia kivuli cha njano kwenye herufi ya mwisho.

— Ndugu, hapa kanuni ni usiguse.

— Naiheshimu kanuni yako, mzee wangu. Umeibandika mara saba. Mimi naomba mara moja.

Mwenyekiti aliutazama ubao. GUSA, herufi nne, nene, zimekaa kwa nafasi kama wageni waliokaribishwa vizuri. Inaelekea na yeye alikuwa mtu wa kupenda kazi safi, maana alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Watagusa na vinyago.

Brashi akafikiri. Akachovya brashi ndogo, akaongeza chini yake: HII TU.

Siku ya pili watu waligusa. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mfagiaji wa maktaba, aliyesoma lile bango, akasoma tena, akapangusa mkono kwenye kanga yake, akabonyeza. Alifungua milango yote, halafu akaomba aanze upya akitokea upande wa pili, akakuta mtaa unamsemesha vingine kabisa. Akaenda kuwaita wenzake. Mchana foleni ilifika ngazini. Wengi walikawia kwenye bango la karakana. Mmoja aliandika jina la mtoto wake aliyezaliwa juzi. Mpagazi mmoja alichora gurudumu, akaliacha lichuruzike, akasema hapo sasa ndilo la mkokoteni wake hasa. Mwenyekiti alionekana mara mbili kwenye foleni, mara zote akisema yuko pale kukagua usalama.

Alhamisi asubuhi Dada Chapa alikuja kijiweni na diski mfukoni, akasimama na kikombe chake kama Bibi Birika, kwa sababu ubao ulikuwa umejaa. Dakika Tano alikuwa ameweka miguu juu, akieleza kwa mara ya tano jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza kabisa kubonyeza. Hapo akaja msichana mmoja wasiyemjua, kalamu sikioni, kadi nyeupe mkononi.

— Samahani, hamjambo? Natoka kamati ya maonyesho. Kila kazi pale ina kadi yenye jina la msanii, isipokuwa ile ya mtaa. Watu wanauliza. Nimetumwa nijaze. Ile kazi ni ya nani?

— Ya huyu — alisema Brashi upesi, akimwonyesha dada yake.

— Mistari ni ya kaka — alisema Dada Chapa. — Bila makadi yake kusingekuwa na hata dirisha.

— Makadi yangu yalikuwa chini ya kitanda cha mama. Yalitembea? Hayakutembea. Aliyeyatembeza ni wewe.

— Basi na mama aandikwe, maana angeweza kuyawashia moto — Bibi Birika alisema. — Na sauti je? Yale makaripio ni yangu. Niliyatoa mwenyewe.

— Na saa ni zangu! — Dakika Tano alirusha miguu chini.

— Ngojeni, ngojeni. — Subiri Laini alisimama kabisa, jambo la nadra. — Mnagombania maganda. Mtaa ule usipoguswa umelala. Sasa anayeuamsha ni nani? Mwenye kidole. Andika, mwanangu: kazi hii ni ya kila aliyegusa.

— Majina mia tatu kwenye kadi hii? — msichana aliuliza.

— Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Benchi zima lilimgeukia kwa mshangao, kwa sababu kwa mara ya kwanza methali ya Subiri Laini ilikuwa imetua mahali pake. Yeye mwenyewe alionekana kuogopa kidogo, akaongeza haraka:

— Ndiyo maana kipanya kina mkia.

— Tukienda hivyo tuandike na shirika la umeme! — alisema Dakika Tano.

— Na aliyefuma kanga ya yule mama aliyopangusia mkono!

— Na upepo! Brashi si alisema kuna mstari penseli iliteleza kwa upepo?

— Upepo una jina la baba?

Msichana aliwasubiri wacheke wamalize. Alikuwa mpole, na swali lake lilikuwa bado lile lile.

— Mimi nafasi niliyonayo ni mstari mmoja, wazee wangu. Niandike nani?

Brashi alifungua mdomo. Akamtazama dada yake, naye akamtazama yeye, na kila mmoja akaona mwenzake amekusudia kumtaja mwingine. Akaufunga. Dakika Tano akajishughulisha na kofia yake. Subiri Laini akatafuta methali, ikaonekana usoni anavyoitafuta, hakuipata. Kalamu ya msichana ikabaki hewani juu ya kadi.

— Sogeeni huko — Brashi alisema mwishowe, akiwasukuma wenzake kwa nyonga mpaka ubao ukaachia nafasi ya watu wawili. — Mdogo wangu, kaa. Na wewe mwanangu, kaa. Hilo si swali la kujibiwa watu wamesimama.

Wakakaa. Bibi Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone matatu na mvuke.

— Imekwisha — alisema.

— Basi kachemshe nyingine, bibi — alisema Brashi. — Leo tupo.